Kutibu Makovu ya Uso kwa Leza: Hukumu Yake, Kupona Kwake na Swala ya Mgonjwa

Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.



Katika darasa zetu za jioni hapa chuoni, maswali kuhusu ngozi ni mengi kuliko watu wanavyokiri hadharani. Kaka huandika swali lake kwenye karatasi isiyo na jina. Dada humvuta mwenzake pembeni baada ya Isha. Wapo ambao chunusi za ujana zimewaachia mashimo mashavuni, na wapo walioungua kwa moto au mafuta ya kupikia wakiwa wadogo. Mtu wa namna hii hukwepa picha ya pamoja, na wengine huahirisha hata kuposa. Wakati huo huo, matangazo ya kliniki na saluni za Kampala zinazotoa huduma ya leza yanamfikia kila siku kwenye simu yake.

Maswali ni mawili. La kwanza: je, inajuzu kutibu uso kwa leza? La pili: nikishafanya, nitatawadhaje na kuswali vipi wakati uso wangu ni kidonda? La kwanza huulizwa sana. La pili husahaulika mpaka siku yenyewe ifike, na matokeo yake kuna anayeacha swala wiki nzima akidhani atazilipa baadaye. Somo hili linajibu yote mawili, kwa sababu jibu la moja linategemea lingine.

1. Leza inafanya nini kwenye ngozi

Leza ni mwanga wa aina moja uliokusanywa ukawa na nguvu kubwa mahali padogo. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, na tangu hapo madaktari wa macho, meno, upasuaji na ngozi wameitumia kwa kazi mbalimbali. Hivyo kifaa chenyewe si halali wala si haramu. Ni kama kisu: hukumu inafuata kazi inayofanywa nacho.

Katika matibabu ya makovu, leza zinazotumika zaidi kuondoa ngozi ya juu ni ya kaboni dayoksaidi na ya erbiamu. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo kwenye ngozi. Maji hayo huchemka ghafla na kuwa mvuke, na tabaka jembamba la ngozi ya juu huondoka. Joto linaloingia chini huiamsha ngozi ya ndani itengeneze kolajeni mpya, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara wake. Ngozi inapojijenga upya, shimo la kovu hupungua kina.

Zamani uso mzima ulichubuliwa kwa mara moja. Kuanzia mwaka 2004 ilijulikana njia nyingine, ambapo leza hutoboa vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho na kuacha ngozi nzima kati ya kitundu na kitundu. Ngozi hiyo iliyobaki ndiyo inayoharakisha kupona. Zipo pia leza nyepesi ambazo hazichubui kabisa, bali hupasha joto ndani tu. Hizo mtu hupona haraka, lakini huhitaji kurudia mara kadhaa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba leza inaumiza kwa makusudi ili mwili ujitengeneze. Aliyetoka kwenye leza ya kuchubua ni majeruhi, na katika fiqhi anapewa hukumu za majeruhi. Vilevile leza hupunguza kovu. Anayeahidi kulifuta kabisa anauza ahadi asiyoimiliki.

2. Tofautisha doa, kovu na rangi

Kabla ya kuuliza hukumu, jua una nini usoni. Wengi wetu tunaita kila alama "kovu", na hapo ndipo pesa na ngozi hupotea pamoja.

Doa ni alama nyeusi au ya kahawia inayobaki baada ya chunusi kupona. Ukipitisha kidole, ngozi ni sawasawa. Doa ni rangi iliyozidi mahali palipoumia, na mara nyingi hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa, hasa mtu akijikinga na jua na kuacha kuminya chunusi.

Kovu ni mabadiliko ya uso wa ngozi wenyewe. Kuna shimo, mkunjo au uvimbe. Ukisimama karibu na dirisha mwanga ukija kwa upande, utaona kivuli chake. Hili halifutiki kwa sabuni wala losheni, na hapa ndipo leza ina kazi.

Rangi ni ile aliyokuumba nayo Allah (s.w.). Hii si doa wala si kovu. Katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, Allah (s.w.) ameitaja tofauti ya lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake kwa wenye elimu. Vipi mwenye elimu wa chuo kikuu aigeuze ishara ya Mola wake kuwa ugonjwa wa kutibiwa?

3. Hukumu ya Sharia

Wanaokataza matibabu yote ya sura hutaja dalili mbili. Ya kwanza ni Sura An-Nisaa, aya ya 119, inayoeleza kiapo cha Shetani kwamba atawaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Ya pili ni hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yenye laana juu ya wanaochanja ngozi kwa wino, wanaonyoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Allah.

Dalili hizi ni sahihi, lakini ni lazima zisomwe pamoja na nyingine. Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikamtolea harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Hadithi hii imepokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Tazama: dhahabu ni haramu kwa mwanaume, lakini hapa iliruhusiwa ili kurekebisha uso ulioharibika. Hakuambiwa avumilie tu.

Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi ya Ibn Mas'ud, alieleza kuwa neno la kutafuta uzuri linaonyesha kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa ajili ya kujipamba tu. Ama akihitaji kwa matibabu au kwa aibu iliyopo kwenye jino na mfano wake, hapana ubaya. Hii ndiyo njia waliyoipita wanazuoni wa zama zetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha sura. Baraza liliruhusu kurudisha kiungo katika hali yake ya kawaida na kurekebisha aibu za kuzaliwa nazo au zilizotokana na ajali, moto na maradhi, madhali madhara yameepukwa. Likakataza upasuaji wa kujipamba unaobadilisha umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga watu.

Tukiweka mambo matatu ya juu kwenye mizani hii, tunapata yafuatayo:

(a) Kovu la chunusi, la moto au la ajali linalomuumiza mtu mwilini au moyoni: kulitibu ni kurudisha umbile, si kulibadilisha. Linajuzu kwa masharti yatakayofuata.

(b) Doa litakaloondoka lenyewe: hapana haja ya kujijeruhi kwa ajili yake. Haja ndiyo inayofungua mlango wa ruhusa, na hapa haja haipo.

(c) Kung'arisha rangi ya asili: huku ndiko kubadilisha maumbile, iwe kwa leza, kwa sindano au kwa mkorogo. Mkorogo una ubaya wa ziada, kwa sababu baadhi yake huwa na zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Sumu haihalalishwi kwa kuwekwa kwenye kopo zuri.

4. Sharti la kutodhurika

Kanuni ya fiqhi inasema madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake, seuze makubwa zaidi. Kwa mwenye ngozi nyeusi, sharti hili si la kupitia juu juu.

Daktari Thomas Fitzpatrick alianzisha mwaka 1975 kipimo cha aina za ngozi, ambacho leo kina aina sita. Wengi wetu Waafrika tupo katika ya tano na ya sita. Ngozi hii ina melanini nyingi, neema inayotukinga na jua. Lakini ikijeruhiwa, hujibu kwa kumwaga rangi zaidi. Ndiyo maana leza iliyowekwa nguvu kupita kiasi inaweza kuondoa shimo dogo na kuacha weusi mpana uso mzima kwa miezi, au kovu jipya baya kuliko la kwanza. Mtu aliyekwenda kutibu kovu moja hurudi na tatizo jipya.

Basi kabla ya kukubali, hakikisha haya:

• Anayekutibu ni daktari wa ngozi, na amewahi kutibu ngozi kama yako. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu. Mashine kuwepo saluni hakumfanyi mwenye saluni kuwa tabibu.

• Chunusi zimekwisha tulia. Kutibu makovu huku chunusi mpya zinatoka ni kufagia chini ya mti unaopukutisha.

• Umemweleza daktari kila kitu: kama una makovu yanayovimba na kukua, kama hupata malengelenge ya midomo, kama umetumia vidonge vya isotretinoini vya kutibu chunusi, na kama umewahi kupaka mkorogo. Kuficha mkorogo kwa aibu kunaweza kukugharimu uso.

• Ameanza kwa kujaribu mahali padogo na kusubiri wiki kadhaa aone ngozi inavyojibu.

• Amekueleza njia nyingine. Kwa ngozi nyeusi, matibabu ya sindano ndogo ndogo mara nyingi huwa na hatari ndogo zaidi ya kuacha weusi. Penye njia mbili zinazofikisha kwenye lengo moja, nyepesi ndiyo ya kutangulizwa.

5. Siku za kupona

Baada ya leza ya kuchubua, uso huwaka kama uliounguzwa na jua kali, huvimba hasa kuzunguka macho, na hutoa majimaji. Kisha hufanya magamba membamba ambayo hayabanduliwi kwa mkono. Kwa leza ya vitundu, ngozi ya juu hufunga kwa takriban wiki moja. Kwa uso uliochubuliwa wote, ni wiki moja hadi mbili. Wekundu, ambao kwetu huonekana kama weusi wa zambarau, unaweza kubaki wiki au miezi. Kolajeni huendelea kujijenga hata miezi sita, kwa hiyo matokeo hayapimwi kwa kioo cha wiki ya pili.

Kazi ya mgonjwa ni kusafisha taratibu kwa maji safi kama alivyoelekezwa, kupaka marhamu au mafuta ya mgando ili kidonda kisikauke, na kujikinga na jua. Kampala iko jirani kabisa na mstari wa Ikweta. Kukaa nyuma ya boda boda saa saba mchana, kwenye jua na vumbi, wiki ya kwanza baada ya leza ni kuharibu kwa mkono kilichojengwa kwa pesa. Chagua likizo ndefu, wala usichague wiki ya mitihani. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, usaha, homa au malengelenge, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

6. Twahara na swala wakati uso ni kidonda

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba maswahaba walikuwa safarini, mmoja akapigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akauliza kama ana ruhusa ya kutayammam, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kuwa wamemuua, na akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Dini hii haitaki uharibu kidonda chako kwa udhu. Wala haikuachii uache swala.

Hali ni tatu.

Hali ya kwanza: daktari ameruhusu maji. Hii ndiyo ya wengi, kwa sababu kusafisha kwa maji ni sehemu ya tiba yenyewe. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kusugua si faradhi. Inatosha maji yatiririke juu ya uso kwa upole. Tatizo ni marhamu mazito yanayozuia maji kufika kwenye ngozi. Suluhisho ni kupanga muda: fanya usafi wa uso uwe ndio wakati wa udhu. Ondoa marhamu ya zamani kama ulivyoelekezwa, tawadha, kisha paka mapya. Ukiswali Adhuhuri mwisho wa wakati wake na Alasiri mwanzo wa wakati wake, na ukafanya hivyo kwa Magharibi na Isha, usafi mara tatu kwa siku utakutosheleza swala tano, madhali hukutengukwa na udhu.

Hali ya pili: maji yamekatazwa na uso uko wazi. Osha viungo vizima kama kawaida. Kwa sehemu iliyojeruhiwa, Mashafii na Mahanbali wanasema utatayammam. Kwa Mashafii, katika udhu tayammam hiyo huja pale ilipofika zamu ya kuosha uso, na hurudiwa kwa kila swala ya faradhi. Mahanafi wanasema atapangusa kwa mkono wenye maji akiweza, na hilo likidhuru litamwondokea. Angalizo: usipake vumbi juu ya kidonda kibichi. Pangusa sehemu nzima ya uso na mikono.

Hali ya tatu: kuna bandeji. Osha pembeni yake, kisha pangusa juu yake kwa mkono wenye maji. Mashafii huongeza tayammam. Bandeji isizidi mahali panapohitajika, na bora ifungwe ukiwa na twahara. Kauli inayotegemewa kwa Mashafii ni kwamba bandeji ikiwa kwenye viungo vya tayammam, yaani uso na mikono, swala zitarudiwa baada ya kupona. Kwa madhehebu mengine halazimiki kurudia. Muulize sheikh wako kabla ya siku ya tiba, kwa sababu bandeji usoni ndiyo hali yenye uzito zaidi. Pengine daktari akikubali kukuacha bila bandeji, utakuwa umepata wepesi.

Kuhusu sijida: tandika kitambaa safi juu ya zulia la msikiti, kwa kuwa paji lenye kidonda halipaswi kugusa mahali pa nyayo za watu. Ikiwa kugusa kunadhuru, inama kadiri uwezavyo. Majimaji na damu kidogo ya kidonda chako inasamehewa, na kwa Mashafii damu hiyo haitengui udhu.

Sasa tunaona kwa nini maswali mawili ya mwanzo yanafungamana. Wanazuoni wa Kishafii wana kanuni kuwa ruhusa hazifungamani na maasi. Anayetibu kovu anaingia kwenye ruhusa za mgonjwa akiwa ametulia moyo. Aliyejichubua ili kuikimbia rangi yake amejitia mashakani katika twahara yake pia. Hata hivyo, swala haimwondokei yeyote kati ya wawili hawa.

7. Funga, sitara na mali

Cream na marhamu ya juu ya ngozi hayafunguzi, wala sindano ya ganzi. Baraza la Fiqhi lililotajwa lilieleza hivyo katika azimio namba 93 la mwaka 1997. Vidonge vya kumeza vinafunguza, na mara nyingi daktari hutoa vidonge vya kuzuia malengelenge. Basi ni bora tiba isiangukie Ramadhani.

Dada akipata daktari mwanamke mwenye ujuzi, huyo ndiye wa kutangulizwa. Asipopata, atatibiwa na mwanaume mwaminifu kwa kiasi cha haja, bila ya faragha ya wawili peke yao.

Ama mali: tiba hii si ya mara moja, na gharama yake hujirudia. Ada ya chuo aliyoituma mzazi ni amana, na mkopo wa riba hauhalalishwi na shimo la shavuni. Kovu linaweza kungoja mpaka upate kipato chako.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Kwa nini Arfaja (r.a.) aliruhusiwa dhahabu, na hilo linatufundisha nini kuhusu haja?
2. Rafiki yako anasema ana kovu, nawe unaona ni doa. Utamnasihi vipi bila kumvunja moyo?
3. Mgonjwa ameambiwa asiguse maji siku mbili. Mpangie swala zake kumi kwa madhehebu mnayoyafuata.

Mwisho, nasaha kwa sisi wenye nyuso zisizo na makovu: matani ya bwenini kuhusu uso wa mwenzako yanaweza kuwa ndiyo yanayompeleka kwa mtu asiyejua kazi. Tuyaache.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu ponyo lisiloacha maradhi, na atupambe kwa tabia njema kama alivyotupamba kwa umbo. Wallahu a'lam.